Ngozi Zilizopakwa Samli

Asubuhi moja nilitoka Dodoma bila mpango wowote. Sikugombana na mtu, wala sikufukuzwa kazi. Nilikuwa nabeba magunia ya karanga stesheni, kazi ya kuvumilika, na chumba nilichopanga hakikuvuja. Niliamka tu, nikautazama mlango, nikaona nimeutazama siku nyingi mno. Wanaonijua wamekwisha kuizoea tabia hiyo. Nilikunja blanketi, nikatia unga wa uwele na chumvi mfukoni, nikavuka reli na kushika njia ya kaskazini kwa kuwa upepo ulikuwa unanisukuma mgongoni na sikutaka kula vumbi. Njia zangu nyingi maishani nimezichagua hivyo hivyo.

Jua lilipofika utosini niliona tuta kubwa la udongo mwekundu, mbuzi wamesimama juu yake wakitafuna magugu. Nilipita. Kisha nikarudi nyuma hatua kumi, nikazunguka, nikaona kizingiti cha mninga kimebaki ardhini peke yake, hakuna ukuta kulia wala kushoto. Hapo nikasimama. Kwa miaka mingi nilikuwa nikipita mbali na mahali pale kwa makusudi, na siku niliyotoka bila makusudi nikafika palepale.

Kaa nami hapa kidogo, rafiki yangu, nikusimulie. Ila usitegemee nisimulie kwa upole. Nimejaribu upole, haukai.

Hapo palikuwa na shule. Ilikuwa tembe, nyumba yetu ndefu ya Ugogo yenye paa bapa la udongo, na ilikuwa na vyumba vitatu: cha kusomea, cha mwalimu, na cha ndama wa mwalimu. Zilikuwa zama za Mdachi. Reli ilikuwa bado mpya, wazee wakienda kuigusa kwa mkono ndipo waamini. Mwalimu alikuwa Mgogo mwenzetu aliyelelewa misheni. Mzungu wa misheni alikaa mbali. Alikuja mara moja kwa mwaka, akaimba, akala kuku, akaondoka.

Mimi sikupelekwa shule kwa ajili yangu. Nilipelekwa kwa sababu dada yangu alitaka kwenda, na dada yangu alikuwa haoni. Macho yake yaliharibika akiwa mdogo, ule ugonjwa unaoletwa na inzi wa zizini, uliopofusha watoto wengi kwetu. Alinizidi miaka mitatu. Tulitembea na fimbo moja, mimi mbele nimeshika ncha hii, yeye nyuma ameshika ile, na kama nikipotea mawazo nikimtazama mjusi, alinichoma nayo mgongoni. "Wewe ni macho yangu," alikuwa akisema, "usiyapeleke kwenye upuuzi." Bibi, aliyetulea, alimruhusu kwa shingo upande. Aliona shule ni mahali pa watu kukalia matako. Lakini dada alisaga uwele wake wote kabla ya jua kutoka, nikisikia jiwe likiguruma gizani, na bibi akatufungulia mlango.

Mwanzoni dada alikaa ukutani akasikiliza tu. Mwalimu aliandika ubaoni, sisi tukakariri, dada akakariri kutuzidi wote. Siku moja mwalimu aliweka chaki chini, akamtazama kwa muda mrefu, akatoka nje katikati ya somo. Alirudi na kipande cha ngozi ya mbuzi, bado mbichi, na mwiba wa mgunga.

Nitakueleza jinsi ilivyofanyika, maana nimezunguka nchi kubwa na sijaona penginepo. Ngozi ikiwa bado na unyevu unaiwamba chini kwa vigingi. Unachora herufi kwa mkaa upande wa nyuma, lakini unaichora imegeuka, kama inavyoonekana majini. Halafu unafuata mstari wa mkaa kwa mwiba, unachoma nukta karibu karibu, bila kutoboa. Unaiacha juani. Ikikauka inakuwa ngumu kama ubao, ukiigonga inalia ko ko ko, na ukiigeuza, upande wa mbele umeota vipele vidogo vilivyojipanga. Dada alipovipitishia kidole mara ya kwanza alirudisha mkono upesi, kana kwamba ameguswa na mdudu. Kisha akaurudisha. Siku ile hakutaka kwenda nyumbani, na mimi nililia njaa njia nzima.

Habari zilienea. Ndani ya msimu mmoja wa mvua waliletwa wengine: wasioona watatu, na viziwi wawili, wote kutoka vijiji vya mbali, wakalala shuleni. Wazazi wao waliwaleta na unga, wakawaacha wakiwa na sura ya mtu aliyetua mzigo. Viziwi mwalimu aliwafundisha kwa kuonyesha kitu na kuandika jina lake ubaoni. Mmoja wao alikuwa kijana mrefu wa makamo ya dada. Yeye ndiye aliyegundua kwamba anaweza kuchora herufi iliyogeuka bila kufikiri, kitu ambacho hata mwalimu alikikosea. Basi kazi yote ya kutengeneza ngozi ikawa yake. Tulimwita fundi. Lakini jina hilo yeye hakulisikia; jina lake lenyewe lilikuwa la mkono, vidole viwili vikichoma kiganja, na ukimfanyia hivyo hata kutoka ng'ambo ya korongo alikuja.

Angalia jambo hili, rafiki yangu. Kulikuwa na msichana asiyeona na kijana asiyesikia. Sauti ya huyu haimfikii yule, ishara za yule hazimfikii huyu. Wangeweza kukaa bega kwa bega miaka hamsini wasipeane hata salamu. Basi siku moja fundi alichora kwenye ngozi: Mbuzi wa bibi amekula kitambaa cha mwalimu. Ilikuwa kweli, tukio la jana yake. Dada alisoma, akaangua kicheko hadi akashika ubavu, na fundi alipoona kicheko kile aliruka juu. Baada ya hapo hawakungoja hata ngozi. Walikaa kizingitini, kwenye mninga huu huu, wakiandikiana kwa kidole viganjani, upesi upesi. Mimi niliyekuwa na macho na masikio nikawa sijui wanazungumza nini. Niliona wivu. Nakiri.

Ngozi zikaongezeka, kila moja na habari yake. Mvua ilipochelewa, iliandikwa. Ndama alipozaliwa, aliandikwa. Usiku mmoja fisi aliingia akabeba ngozi nne, na asubuhi mwalimu alisikitika karibu alie. Dada akasema, "Mwache, mwalimu. Sasa kuna fisi msomi, atakuja kuomba kazi boma." Mwalimu alicheka hadi akalazimika kukaa. Harufu ya chumba kile, ngozi na mkaa na maziwa ya mgando kwenye vibuyu vilivyofukizwa moshi, mpaka leo ikinijia puani hufumba macho.

Kisha boma likatuma habari.

Askari alikuja na karatasi. Mwalimu alitusomea mara mbili. Serikali inazikagua shule zote. Bwana mkaguzi atafika siku fulani, adhuhuri. Shule itakayoonekana inafaa itaendelea na itapewa vitabu, isiyofaa itafungwa. Mwalimu alifurahi sana. Hilo ndilo linaloniuma. Alisema serikali ya Mdachi ni watu wa elimu, wakiona kazi yetu wataleta hata karatasi ngumu badala ya ngozi, watatuma watu wajifunze kwetu. Alimwambia dada, "Wewe ndiwe utakayesoma." Dada akachagua ngozi tisa, akazipanga, akazisoma kila siku hadi akanichosha.

Siku yenyewe ilipofika, mwalimu aliwachukua wasomaji wote wasioona wakampokee mgeni njiani kwa nyimbo, kama ilivyo desturi. Aliniachia mimi kazi ya kuongoza kina mama waliokuja kusafisha. Walikuwa wengi, na bibi mbele yao. Walifagia, wakamwagia maji vumbi, wakapika ugali na mlenda na kuku. Na walipomaliza yote hayo wakaingia darasani, wakaona zile ngozi zimepangwa ukutani, kavu, zimejikunja pembe, nyeupe kwa vumbi.

"Aka!" akasema bibi. "Mgeni wa boma atazamishwe haya?"

Nikueleze, kwetu ngozi kavu ilikuwa aibu. Mama zetu walivaa ngozi, na kabla ya ngoma au harusi ngozi ilipakwa samli, ikasuguliwa, ikakunjwa na kukunjuliwa na kusuguliwa tena mpaka ikalainika kama sikio la ndama. Mwanamke aliyetoka mbele za watu na ngozi kavu alichekwa, alionekana hana mtu nyumbani. Basi kina mama walifanya walichojua. Samli ikaletwa, kibuyu kizima, na kila mmoja akachukua ngozi mapajani. Waliimba wakisugua. Na mimi, ambaye nilikuwa nimeziona ngozi zile zikitengenezwa tangu ya kwanza, nilijua kila kitu kuhusu mwiba na mkaa na jua, nilikaa katikati yao nikasugua zile tisa za dada kwa mikono yangu mwenyewe. Nilitaka ziwe nzuri kuliko zote. Haikunijia hata kidogo kwamba vipele vinaweza kufutika. Nilifikiri herufi zimo ndani ya ngozi, kama uboho ulivyo ndani ya mfupa.

Fundi alikuwa kisimani. Aliporudi na maji aliona, akadondosha mtungi. Alituingilia, akamnyang'anya bibi ngozi, akamnyang'anya jirani, akatoa ile sauti yake ya kooni iliyokuwa ikitisha wageni. Kina mama walipiga kelele.

"Kijana ana nini huyu?"

"Samli imemtia uchu!"

"Mtoeni huyo, atatuaibisha mbele ya Mdachi!"

Alinijia mimi. Alinishika mkono, akaufungua, akaanza kuandika kiganjani. Mkono wangu ulikuwa umejaa samli, kidole chake kikateleza. Aliandika tena. Mimi sikuwahi kujifunza kusoma kwa kiganja. Nilikuwa na wivu, nilikwambia. Nilimsukuma. Tukamshika, mimi na wanawake wawili, tukamtia kwenye chumba cha ndama, tukaweka gogo mlangoni. Gogo nililiweka mimi.

Mgeni alifika adhuhuri kama alivyosema. Alikuwa mtu mwembamba, mpole wa sura, nguo nyeupe zenye vumbi magotini. Alikuja na karani wa pwani mwenye tarbushi na askari wawili. Nilikuwa nimetegemea jitu. Na alisema Kiswahili, safi kuliko cha mwalimu wetu. Hili nalirudia kila ninapolikumbuka: alisema Kiswahili safi. Kila neno lililosemwa siku ile alilielewa.

"Mbukwenyi," mwalimu alitusalimu kwa Kigogo, kwa furaha, kisha akageukia Kiswahili. Alieleza habari ya wasioona na viziwi, alivyoanza, alivyopata wazo la mwiba. Mkaguzi alikubali kwa kichwa akiandika. "Vyema," alisema, "tuone."

Dada alikaa kwenye kigoda. Mwalimu alimwekea ngozi ya kwanza magotini. Iliteremka magotini kama kitambaa, na hapo hapo niliona uso wa mwalimu ukibadilika. Dada alipitisha vidole. Akarudi mwanzo. Akapitisha tena. Akaigeuza, akajaribu upande wa pili.

"Nipeni nyingine," alisema.

Alipewa nyingine. Ya tatu alipopewa hakuisoma, aliinusa. Kisha akanyoosha mkono hewani akinitafuta, akanishika kifundo cha mkono, akauvuta hadi puani kwake.

"Mikono yako inanuka samli," akasema polepole.

Jambo hilo hakulitaja tena, siku ile wala siku nyingine yoyote.

Karani alicheka. "Bwana, hawa Wagogo wanasomesha ngozi. Tazama, ni tupu kama kichwa cha mwenyewe."

Mwalimu aliinama, akaeleza. Herufi zilikuwepo, bwana, zimesuguliwa na kina mama kwa heshima yako, tupe siku tatu, jua likipatikana siku mbili, tutachoma nyingine. Mkaguzi alitazama saa yake.

"Saa nane naondoka. Kuna shule nyingine. Hao viziwi wako wapi?"

Nilikwenda kutoa gogo. Fundi alitoka amejaa mavi ya ndama hadi nywele, macho mekundu. Alimpita askari, akanyakua ngozi magotini kwa dada, akaipunga mbele ya uso wa mkaguzi huku akitoa sauti ile. Askari alimpiga kitako cha bunduki begani, akaanguka. "Mwendawazimu," karani alisema, na nilimwona mkaguzi akiandika. Sikujua kusoma vizuri, lakini lile lilikuwa neno moja tu, na aliliandika wakati ule ule.

Hapo ndipo dada aliposimama. Alikuwa na miaka kumi na miwili au kumi na mitatu, rafiki yangu.

"Bwana," alisema, "andika neno lako mwenyewe kwenye kibao. Mwonyeshe huyo mliyempiga. Kisha mwacheni aje kwangu."

Mkaguzi alimtazama. Nadhani alivutiwa. Aliandika kwa chaki: Serikali. Akamwonyesha fundi, akaficha kibao. Fundi alijivuta hadi kwenye kigoda, akafungua kiganja cha dada, akaandika.

"Serikali," dada akasema.

Kina mama walipiga vigelegele. "Amekisia," karani alisema. "Neno gani lingine mtu wa boma ataandika?" Mkaguzi akafuta. Aliandika neno la kwao, la Kidachi, ambalo hakuna mtu pale aliyewahi kuliona. Fundi alilitazama, akakunja uso, akaandika kiganjani polepole.

"Hili si neno," alisema dada. "Lakini ni be. Re. Halafu u, ina matone mawili juu yake. Kisha se, ile ya chaki, peke yake, haina he. Ka. E."

Karani alitazama kibao, akaacha kucheka. Mkaguzi alibaki ameshika chaki. Aliona, nakwambia! Hakuwa mjinga. Miaka mingi baadaye nilimchorea neno lile mtu wa reli aliyefanya kazi na Wadachi, akaniambia maana yake ni daraja. Alikuwa ameandika daraja, na mbele ya macho yake watoto wawili wakalivuka.

Alifunga daftari. "Ni mchezo mzuri sana," alisema. Alisema kwa upole kabisa. "Nimefurahi. Lakini, mwalimu, agizo linasema mwanafunzi asome kitabu kilichopigwa chapa. Na serikali inataka makarani. Huyu atakuwa karani wa nini?"

"Si lazima awe karani, bwana," mwalimu alisema.

"Basi si lazima awe shuleni."

Alisoma hukumu akiwa amesimama mlangoni. Wasioona na wasiosikia si wanafunzi, warudishwe kwao ndani ya juma moja. Shule ibaki na watoto wazima kumi na wawili, wafundishwe Kiswahili na hesabu. Mwalimu akivunja agizo, shule itafungwa na yeye ataitwa boma, na kila mtu alijua boma kuna kiboko. Kisha akatuangalia sisi wenye macho, akatuhesabu kwa kalamu. Aliponifikia mimi aliuliza jina langu, akaliandika. Mimi niliyelainisha zile ngozi, niliyeweka lile gogo, niliandikwa mwanafunzi wa serikali. Alikula kuku. Saa nane aliondoka.

Watu wameniambia, acha, alikuwa anafuata agizo. Nimewasikiliza. Mtu anayetumwa kukagua kisima na akakuta maji, akayaonja, kisha akaandika hakuna maji, huyo mnamwita nani? Alikuja mara moja. Hakuja kabla kuuliza tunahitaji nini, na hakuja tena kuuliza wamefika wapi. Hakukosa kuona. Aliona, akachagua. Na sisi tuliomwandalia samli tulimpa kisingizio mkononi. Kwa hilo nina hasira na nafsi yangu, lakini hasira hiyo nimeipima, na kubwa zaidi si ya kwangu.

Mwalimu alitii. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu sasa. Aliwasindikiza mmoja mmoja hadi vijijini kwao. Siku ya fundi kuondoka, dada alikaa kizingitini tangu asubuhi. Fundi alikuja akakaa, akaandika kiganjani mwake jambo refu sana. Dada aliandika fupi. Kisha akaenda. Kwao kulikuwa mwendo wa siku mbili, na hakuna barua ya kiganja inayofika mwendo wa siku mbili. Mimi nilikwenda shule siku ya kwanza, nikaitwa jina langu, nikaitika. Siku ya pili nilifika hadi mlangoni, nikamsikia mwalimu akiita majina kwa sauti kavu. Niligeuka, nikatembea hadi jua likazama. Huo ndio mwisho wa elimu yangu. Miguu haijatulia tangu siku ile.

Dada alirudishwa kwenye jiwe la kusagia. Niliingia mara moja nikamkuta ameacha kusaga, kidole chake kinatembea juu ya unga. Aliposikia hatua zangu aliufuta kwa kiganja. Bibi hakuelewa kosa lilikuwa nini hadi alipoingia kaburini. "Tulizipaka vizuri," alikuwa akisema, "zilipendeza." Halafu vita ikaja. Boma lile lile lililomwona fundi hafai kukaa darasani likamwona anafaa kubeba masanduku ya risasi. Alichukuliwa na wengine wa kijiji chao, wala hakuna aliyemkagua masikio. Nilipokuwa kijana nilizunguka nikiwauliza wapagazi waliorudi. Jina lake la kwao sikulijua. Niliwafanyia wanaume wale ishara, vidole viwili vikichoma kiganja, na wao walinitazama kama mtu aliyerukwa na akili. Pengine alikufa kwa risasi ya mlinzi aliyemwita mara tatu kwanza, asisikie. Pengine hakuitwa. Njaa iliyofuata vita ikamchukua dada.

Sasa hakuna tembe. Mwalimu alihama, paa likaanguka mvua mbili baadaye, na udongo wa kuta ukarudi kuwa udongo. Yale mambo ya mwiba hakuna anayeyajua. Nimesikia siku hizi kuna watu wanaofundisha wasioona kwa nukta, ni elimu kubwa, ilitoka Ulaya, wanasema haikuwahi kuwapo huku. Nilipoambiwa hivyo niliondoka kwenye kikao ili nisimpige mtu.

Niliwafukuza mbuzi kwenye lile tuta. Sijui kwa nini. Walirudi hata kabla sijafika njiani. Niliendelea kaskazini siku tatu, nikipita mbuga za migunga hadi ardhi ikaanza kupanda kuelekea upande wa Warangi, nikafika Chemba, mahali nilipokuwa sijawahi kulala. Ilikuwa baada ya alasiri. Watu walikuwa wakirudisha ng'ombe kutoka mnadani. Nilipiga hodi kwenye nyumba ya kwanza iliyokuwa na moshi.

Mwenyeji alikuwa mama wa Kirangi, mjane, kilemba cheusi kichwani, anapepeta mtama. "Shikamoo, mama," nilisema, na akaitikia bila kusimamisha ungo. Aliniuliza natoka wapi, nikamwambia. Aliniuliza nina nani Chemba, nikamwambia sina mtu.

"Hata ndugu huna?"

"Nilikuwa na dada, zama za Mdachi," nilisema. "Alikuwa mwanafunzi."

Neno hilo sikuwahi kulisema. Miaka yote, nikiulizwa, nilisema nilikuwa na dada kipofu, na watu walisema pole, mazungumzo yakaisha. Yule mama aliweka ungo chini. Nafikiri katika nyumba ile hakuna aliyewahi kusoma, maana aliniangalia kwa heshima, mimi na matambara yangu.

"Mwanamke, tena zama za Mdachi!" alisema. "Alisoma hadi wapi, baba?"

"Hadi siku serikali ilipokuja kumkagua."

Alinyanyuka, akaenda chumba cha uani, nikamsikia akikokota magunia kando. Kisha akatoka na mkeka, akanipa mkononi, akasema nijitandikie mle, na nikae hata juma zima kama nina safari isiyo na haraka.